Spika za Fundi Milango

Mlango uliorudishwa ulikaa karakanani miezi mitatu, umeegemea ukuta kama mgeni aliyeambiwa asubiri chai. Ulikuwa mlango mzuri, sitaki kuusingizia: mvule mtupu, mabawa mawili, nakshi za maua chini na mnyororo ukizunguka pembeni. Kosa lake lilikuwa moja tu. Ulikuwa umezidi uwazi wa ukuta kwa vidole vitatu. Mteja alitoka nao Vipingo mwenyewe, akaushusha kwa adabu, akasema, "Fundi, mimi ukuta siwezi kuuvuta," akaenda zake.

Fundi mwenyewe ni Mzee Muhdhar, wa Shela hapa Malindi. Amechonga milango tangu kabla mamangu hajazaliwa. Siku ile ya kupima, macho yake yaliona nane mahali tepu ilipoandika tatu, na nane haina huruma. Tangu urudishwe, hakushika patasi. Alifungua karakana kila asubuhi, akafagia mahali pasipo na taka, akakaa kwenye kigoda akiutazama mlango, na mlango ukimtazama.

Mimi naitwa Thoya. Natengeneza simu kwenye kibanda kilichoshikana ukuta na karakana hiyo, kwa hivyo mambo ya mzee nayajua hata nisipotaka. Simu zake husikilizwa na mtaa mzima, maana huiweka sauti juu na kuishika mbele ya mdomo kama mtu anayepoza muhogo. Ndivyo nilivyosikia bintiye Safaa, ambaye ana duka la kushona nguo kule Mtwapa, akimwambia:

"Baba, Ijumaa ya mwisho wa mwezi nakuja na gari. Tutachukua vyombo vyako, uje ukae nami."

"Nikae nifanye nini?"

"Upumzike."

"Kwani nimechoka?"

"Macho yako, baba."

"Macho yangu yaona vyema. Hapa nauona mlango."

"Ndio huo huo nasemea."

Nami nikaacha kukaza skrubu ya simu ya watu ili nisikize sawasawa.

"Basi nionyeshe kitu kimoja," Safaa akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Kitu kimoja utakachokitengeneza wewe, na kisirudishwe. Nikikikuta siku hiyo, gari litarudi tupu na mimi nitafunga mdomo."

"Kimoja?"

"Kimoja, baba."

Alipokata simu, mzee aliugeukia mlango kana kwamba anautaka ushauri. Mlango ukamnyima.

Sasa, chini ya meza yangu kulikuwa na katoni iliyokaa mwaka mzima. Aliniachia Mzee Renzo, Mtaliano aliyeishi upande wa Casuarina miaka ishirini, akaondoka kuwafuata wajukuu zake. Nilikuwa nikimtengenezea simu, na yeye akinifundisha Kitaliano cha kuombea radhi. Ndani ya katoni mlikuwa na spika mbili kubwa za besi, mbili ndogo za sauti nyembamba ambazo sisi huziita twita, vibao viwili vya kugawa sauti ili kila spika ipate chakula chake, na karatasi kubwa ya mchoro. Juu yake akanipa na amplifaya yake kuukuu. Alikuwa ameviagiza kwao ajitengenezee mwenyewe spika za kifalme, za kusikiliza akiwa ameketi, si za kutikisa mabati. Mwisho hakupata mtu wa kumchongea makasha.

"Thoya," aliniambia siku ya kuaga, "bila kasha, hizi ni mdomo bila kifua. Tafuta fundi wa mbao. Fundi wa kweli."

Nilikuwa nikimtafuta fundi wa kweli mwaka mzima, na huku amekaa upande wa pili wa ukuta. Ndiyo maana fizikia nilipata D ya kuongeza, na mwalimu akasema ile kuongeza ni sadaka.

Nikaibeba katoni nikaingia nayo karakanani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja na kazi. Kukucheka nitafanya nikiwa natoka."

Nikamtandazia mchoro mezani. Akausogeza puani, akausogeza mbali, akaugeuza juu chini, kisha akautulia. Macho yake hayakuwa yakisoma tarakimu. Yalikuwa yakifuata mistari. Mchoro ulionyesha makasha mawili marefu, yanafika kiunoni mwa mtu, na ile twita haikukaa katikati ya kasha. Katika kasha la kulia ilisogea kidogo kushoto, na katika la kushoto ikasogea kulia. Yalikuwa kama watu wawili wanaopeana jicho.

Mzee akagonga karatasi kwa ukucha. "Huyu Mtaliano wako alijifunza milango kwa nani?"

"Milango gani tena, babu? Hizi spika."

"Hebu njoo hapa." Akanivuta mpaka kwenye ule mlango uliorudishwa. "Huu una mabawa mawili. Hili ni dume, hili ni jike. Kila nilichoweka upande huu, upande ule nakigeuza. Ua likitazama kulia hapa, pale latazama kushoto. Msumari ukikaa ndani hapa, pale wakaa ndani. Ukifunga, wanatazamana. Fundi asiyejua hilo atengeneza milango miwili, hatengenezi mlango." Akarudi kwenye mchoro akiwa mwepesi kidogo. "Hawa nao ni dume na jike. Siku ngapi mpaka Ijumaa ya mwisho?"

"Kumi na tatu."

"Nenda kaniletee mbao."

Mchoro uliruhusu zile mbao za unga uliogandishwa kiwandani. Nilipozitaja, mzee alinitazama kama nimemtukania ukoo. "Hilo ni vumbi lililopikwa uji," akasema. Tukatumia plaiwudi ya mashua, nene, na mapande ya mvule kwa uso na pembe.

Tatizo likabaki kupima. Mchoro ulikuwa wa milimita, na macho ya mzee kwa milimita ni kama mimi kwa Kiarabu: naona kuna kitu kimeandikwa. Hapo ndipo alipotoa fito. Mafundi wa zamani, anasema, hawakuwa na habari na tepu. Kila kipimo cha kazi walikikata kwenye ufito wake, wakautia alama, na ufito ndio ukawa mwenye kauli. Basi mimi nikasoma tepu, nikachora mstari kwenye ufito, nikasoma tena, akanisomesha mara ya tatu.

"Hiyo ni tatu ama nane?"

"Tatu, babu."

"Apa."

"Siapi kwa ajili ya tatu."

"Basi soma tena."

Baada ya hapo alikata kwa kufuata ufito, akipitisha kidole gumba pembeni, na msumeno wake haukukosea hata unene wa karatasi. Macho yangu, mikono yake. Siku ya pili nikagundua kwamba alikuwa anapiga mluzi. Nikajifanya sikusikia, kwa kuwa mtu akiambiwa anapiga mluzi huacha.

Gona alipita siku ya sita. Gona ana pikapu na maspika meusi makubwa kama makabati, anakodisha mziki kwa harusi na matanga kuanzia hapa mpaka Ganze. Akasimama mlangoni akiwa na kijiti mdomoni.

"Naona mwafuga kuku."

"Karibu, Gona," mzee akasema bila kuinua kichwa.

"Vibanda vizuri. Mayai mtauza kwa trei?"

"Hizi ni spika," nikamwambia.

"Spika iko Bungeni. Hizo ni za kuku." Akacheka peke yake. "Thoya, besi ni ukubwa. Spika inchi sita itakupa besi gani? Ya kumwamsha nani?"

"Hii si ya kuamsha. Ni ya kusikiza."

"Mziki ambao jirani hausikii, huo ni mawazo yako mwenyewe," Gona akasema, akaenda zake.

Ndani ya kasha mchoro ulitaka kuwe na sufu ya kumeza mwangwi. Sufu ya Kitaliano Malindi tungeitoa wapi? Mzee alifikiri kidogo, akaingia nyumbani kwake, akatoka na mto wa kulalia, akauchana kwa kisu. Sufi nyeupe ikamwagika, ile ya mti wa msufi, ikaturukia mpaka kwenye nyusi.

"Babu, utalalia nini?"

"Nikifanikiwa ntalala hata kwenye tofali. Nisipofanikiwa, usingizi wa nini?"

Nikaanza kuijaza ile sufi kashani.

Kila kasha lilipokauka gundi, aliligonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, huku na huku. "Kasha likisema *ko*, limeshikana. Likisema *kwaa*, lina uongo ndani." Yote mawili yalisema *ko*. Akayapaka vanishi mara tatu, akayasugua kwa kitambaa mpaka ukaona sura yako humo, na yangu kwa kweli ilipendeza.

Zikabaki nyaya. Kila spika ya besi ilikuwa na vijisikio viwili vya shaba kwa nyuma, na kila moja ilipata waya mwekundu na waya mweusi. Za twita zilikuja zimeshaunganishwa kiwandani. Mzee alishika taa, mimi nikashika chuma cha kuchomelea risasi.

"Mwekundu uweke upande wa ndani," akasema tulipokuwa kwenye kasha la kulia.

Nikauweka. Tukahamia la kushoto.

"Na hapa upande wa ndani. Watazamane."

Pembeni ya kijisikio kimoja niliona nukta nyekundu, ndogo kama jicho la sisimizi. Katika kasha la kulia ilikuwa upande wa waya mwekundu. Hapa ilikuwa upande wa mweusi.

"Babu, hapa pana nukta."

"Nukta ya nini?"

"Sijui. Nyekundu."

"Rangi ya kiwandani hiyo imedondoka. Wewe watengeneza mlango ama wahesabu nukta?"

Kumbukumbu ya kidato cha pili ikanipitia kichwani, kitu cha chanya na hasi, ikapita kama mtu asiyekudai. Nikachomelea. Nilitaka kujaribu pale pale, ila mzee alisema vanishi haijakauka na mkono wa mtu usiguse mpaka Ijumaa.

Ijumaa ikafika. Baada ya swala, pikapu ikasimama mbele ya karakana, na anayeiendesha ni nani? Gona. Safaa alikuwa amekodi gari lake bila kujua tunajuana. Akashuka, buibui limejaa vumbi la Mtwapa mpaka hapa, akambusu babake mkono.

"Shikamoo, baba. Umekonda."

"Marahaba. Sijakonda, nimefanya kazi."

Akayaona makasha. Yalikuwa yamesimama ukutani mwa karakana, mlango uliorudishwa katikati yao kama bibi harusi na wapambe. Safaa aliyazunguka polepole, akapitisha kidole kwenye pembe, pale mvule inapokutana na plaiwudi. Kidole hakikukwama popote.

"Haya umeyafanya wewe?"

"Na macho ya huyu," mzee akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Mazuri, baba." Akatulia. "Yafanya nini?"

Swali hilo nilikuwa nimelisubiri siku kumi na tatu. Nilikuwa na kaseti ya vugo la harusi ya Safaa mwenyewe, wanawake wakiimba na kugonga pembe za nyati, aliyoirekodi shangazi yake Bi Zeina, nami nikaihamishia kwenye simu. Aliyeongoza kuimba alikuwa mamake Safaa, Mungu amrehemu. Niliichagua kwa ujanja. Nilijua mtu hawezi kuikaripia spika inayomtolea sauti ya mamake.

Nikaunganisha amplifaya. Nikabonyeza.

Sauti zikatoka, lakini sijui niseme zilitoka wapi. Zilikuwa kila mahali isipokuwa mbele yetu. Pembe zilisikika, kah, kah, kama mtu anagonga vijiko jikoni kwa jirani. Mamake Safaa aliimba kwa mbali, mwembamba, hana kifua. Besi hakuna hata ya kusingizia. Nikaongeza sauti, na ule wembamba nao ukaongezeka.

Gona akatoa kijiti mdomoni. Nilimsubiri acheke. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Redio ya mamangu kule Ngomeni ina tumbo kuliko hii," akasema kwa upole.

Safaa alisikiza mpaka ubeti ukaisha. Kisha akamshika babake bega. "Baba, makasha ni mazuri. Kweli. Tutayaweka nguo."

Mzee alichukua kitambaa cha turubai, akaanza kupanga patasi zake moja moja, ndogo hadi kubwa, apate kuzifunga. Safaa akainama kumsaidia.

"Maisha yako yote ni mbao," akamwambia taratibu, kama anayemsemea mtoto. "Hata siku ya vugo langu, shangazi alisema hukuonekana. Ulikuwa huku. Sasa pumzika, baba."

Mimi nilisimama na simu mkononi. Wimbo ulikuwa bado unaendelea kwa unyonge wake, na sikuwa na hata mzaha mmoja mfukoni.

"Basi tuanze na hivi vibanda," Gona akasema. Akaenda kwenye kasha la kushoto, akachomoa waya nyuma, akalikumbatia alibebe.

Na papo hapo lile la kulia likapata kifua.

Sauti ya mamake Safaa ilishuka kutoka hewani, ikasimama mbele yetu kwenye kasha moja, nzito, na pumzi zake. Gona aliganda amekumbatia kasha kama mwanasesere.

Mkono wa mzee ukasimama juu ya patasi. "Umefanya nini?"

"Nimechomoa tu."

"Rudisha."

Gona akachomeka. Kifua kikapotea.

"Chomoa."

Kikarudi.

"Mmoja ana nguvu kuliko wawili?" Safaa akauliza.

"Wawili wanagombana," mzee akasema. Akainuka. Sijamwona akiinuka hivyo tangu mlango urudishwe. "Mmoja asema, mwengine amkata kauli. Thoya. Nyaya zile."

Hapo ile fizikia yangu ya sadaka ikarudi mbio ikihema, na nukta nyekundu mkononi. Nilijua kitu kimoja cha kujaribia: betri ndogo. Ukiigusisha kwa waya wa spika, spika huruka mara moja, mbele ama nyuma, ikategemea upande. Betri ya karibu ilikuwa kwenye saa ya ukutani. Nikapanda kigodani, nikaichomoa. Saa ikasimama kwenye nane na dakika ishirini.

"Babu, mimi nitagusisha huku nyuma. Wewe weka kidole hapo mbele, juu ya spika. Kidogo tu, usiisukume."

"Niambie wewe, una macho."

"Hapa macho hayafai. Inaruka kidogo mno. Nataka mikono yako."

Akaweka ncha ya kidole kwenye spika ya kulia, wepesi wa mtu anayejaribu joto la paji la mtoto. Nikagusisha betri, nyekundu kwa upande wa chanya.

"Huyu kanisukuma," akasema.

Tukahamia la kushoto. Nikagusisha vile vile.

Mzee akakunja uso. "Tena."

Nikagusisha tena.

"Huyu amenikimbia."

Tukatazamana. Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na kwa muda nikadhani analia, mpaka nikasikia kicheko kikipanda kutoka tumboni.

"Mlango," akasema. "Nimetengeneza mlango mpaka kwenye nyaya. Dume na jike, watazamane! Mmoja akienda mbele, mwengine arudi nyuma, kile huyu atiacho, huyu atoa."

"Ni kosa langu pia," nikasema. "Niliona nukta."

"Na mimi nikakwambia ni rangi. Kosa langu hilo, usinipunguzie, si mengi nimebakiza." Akamgeukia bintiye. "Safaa, kosa liko kwenye waya. Kwenye mbao halipo. Nipe dakika kumi."

Safaa alitazama gari, akatazama zile patasi zilizopangwa nusu. Akakaa juu ya kigoda. "Kumi, baba."

Tulifungua skrubu nane, tukaitoa spika ya kushoto, sufi ikachungulia. Nikageuza nyaya mbili. Chuma cha risasi kilichelewa kupata moto, na Gona, yule yule wa vibanda vya kuku, ndiye aliyeshika taa. Mzee akarudisha skrubu kwa mkono, akizikaza kwa zamu, pembe kwa pembe, kama anavyokaza bawaba.

Nikabonyeza.

Safari hii sauti hazikutoka kwenye makasha. Ukitazama kulia, hakuna mtu; ukitazama kushoto, hakuna mtu. Zilikuwa katikati, pale pale ulipoegemea ule mlango, kana kwamba wanawake wamesimama nyuma yake na mtu amewafungulia. Pembe zilikuwa na unene wa pembe. Ungeweza kuhesabu nani yuko mbele na nani yuko nyuma, na mmoja wao alikuwa na kikohozi. Mamake Safaa alivuta pumzi kabla ya ubeti, na Safaa, bila kujua, akaivuta naye.

Na chini ya yote, kitu ambacho hakikuwahi kusikika kwenye simu wala kwenye kaseti: *du. Du. Du-du.* Kizito, cha polepole, kinafuata wimbo.

"Ngoma hiyo," Gona akasema, mkono kifuani. "Hiyo sasa ndiyo."

Safaa alikunja nyusi. "Hatukuita ngoma. Shangazi alikataa, alisema pembe zatosha." Akasikiza. *Du. Du-du.* "Mimi nilikuwa ndani, nimefunikwa, lakini ngoma niliisikia. Nikadhani ni moyo wangu. Baba, ni nani aliyepiga ngoma?"

Mzee alikuwa ameinama, akiokota sufi sakafuni uzi kwa uzi.

"Si ngoma," akasema.

"Ni nini?"

"Ni kitanda."

Wimbo ukaendelea.

"Kitanda chako," mzee akasema. "Mguu mmoja ulikuwa haujaingia, na wewe waolewa. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa uani na nyundo ya mbao, nagonga. Mamako akanitokea. Nikajua leo nakatwa ulimi. Akaniambia, 'Kama lazima ugonge, gonga kwa mpigo wetu, wageni wasijue.' Nikagonga kwa mpigo."

"Wakati wote huu?"

"Mguu uliingia zamani. Ubeti wa pili." Akakuna ndevu. "Lakini hawakunyamaza wale. Nami ningeachaje katikati? Saa nzima nagonga mguu ulioingia."

Safaa aliweka mkono mdomoni. Alicheka kwanza, kisha macho yakajaa, kisha akarudi kucheka, na vyote vitatu vikawa vinapishana usoni kama watu kwenye kichochoro. *Du,* ikasema spika. *Du-du.*

"Bado wakilalia?" mzee akauliza.

"Hadi leo."

"Chapiga kelele?"

"Hakijawahi."

"Kimerudishwa?"

"Hakijarudishwa, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa mara moja, kama anayepokea zamu. Akaifungua turubai aliyoanza kuikunja, akazirudisha patasi ukutani, kila moja kwenye msumari wake. Hakuomba ruhusa, na Safaa hakumzuia. Alikuwa amegeuka anautazama mlango uliorudishwa, sasa kwa macho mengine, ya mtu wa duka.

"Thoya, nipimie huu," Safaa akasema.

Nikatoa tepu. Nikasoma, mzee akanisomesha mara ya pili, akauliza kama ni tatu ama nane.

"Mbele ya duka langu bado ni mabati," Safaa akasema. "Ukuta najenga mwezi ujao. Nitawaambia wajenzi waufuate mlango. Ukuta si ulikuwa ndio wenye kosa?"

"Ulikuwa mdogo kwa vidole vitatu," nikasema.

"Na wewe," akanigeukia, "utakuwa ukimsomea vipimo? Kila kazi?"

"Nikiwa hai na miwani sijavaa."

"Mara tatu kila kipimo," mzee akasema.

"Mara tatu," nikakubali, ingawa hilo la kuapa tutalizungumza.

Gona alikuwa amepiga magoti mbele ya kasha la kulia, kichwa kimeinama, anachungulia tundu la kupumulia. "Fundi," akasema, na neno hilo sikuwahi kulisikia likitoka kwake likiwa limevaa nguo safi namna hiyo, "mimi nina yale makabati yangu meusi. Yasema *kwaa*. Ungeyatazama?"

"Lete," mzee akasema. "Vibanda vyote twatengeneza."

Safaa aliinua macho kwenye saa ya ukutani. "Nane na dakika ishirini tu. Mapema bado. Weka tena tangu mwanzo, kabla hatujapakia mlango."

Nje jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa barabara, na wauza samaki wa jioni wameanza kupanga meza. Betri ya ile saa ilikuwa bado mfukoni mwangu. Nikarudisha wimbo mwanzo.